"Ni" na "Mfano": Imani ya Wakristo wa Kwanza juu ya Mwili wa Kristo katika Ekaristi

Nyamongo ni nchi ya Wakurya iliyo katika bonde la Mto Mara, sehemu yake kubwa ikiwa katika wilaya ya Tarime, na ng'ambo ya mto ikianza wilaya ya Serengeti. Watu wa nje huijua zaidi kwa ajili ya mgodi wa dhahabu wa North Mara, ulioanza kutoa dhahabu mwaka 2002. Lugha ya nyumbani ni Kikurya. Lugha ya sokoni, shuleni na kanisani ni Kiswahili kwa sehemu kubwa. Mahali kama hapo pafaa sana kwa kutazama jambo moja la lugha lililo na uzito katika dini. Wakristo wa madhehebu mbalimbali huishi pamoja, huoana, huzikana, na husali kwa lugha moja. Walakini kitendo kile kile cha kumega mkate na kunywea kikombe kimoja kwa kumkumbuka Yesu hukiita kwa majina yasiyofanana.

Mkatoliki husema Ekaristi au Komunyo. Mwanglikana husema Ushirika Mtakatifu. Mlutheri hutaja Chakula cha Bwana, na Mmenno na Mwadventista wa Sabato hutaja Meza ya Bwana. Majina hayo hayakuzaliwa katika nchi ya Mara; yaliletwa na misheni mbalimbali, kila moja na historia yake. Mapadre Weupe walifungua misheni ya Nyegina, karibu na Musoma, mwaka 1911, na mwaka 1946 kazi ya Wakatoliki katika sehemu hizo ilishikwa na mapadre wa Maryknoll kutoka Marekani. Wamenno, nao pia kutoka Marekani, walianza Shirati mwaka 1934. Dayosisi ya Kianglikana ya Mara iliundwa mwaka 1985.

Mwenye kuchunguza asili ya majina hayo ataona kwamba hayako mbali kama yanavyodhaniwa. Ekaristi ni neno la Kiyunani, na maana yake ni shukrani. Komunyo latoka katika Kilatini, na maana yake ya asili ni ushirika. Basi Mkatoliki asemaye Komunyo na Mwanglikana asemaye Ushirika wametamka jambo moja kwa lugha mbili. Ushirika lenyewe ni neno la asili ya Kiarabu, la shina lile lile lililozaa shirika na, kwa njia nyingine, ushirikina. Hata kinywaji kilichomo kikombeni kina nasaba mbili: mvinyo ni neno tulilopewa na Wareno, na divai latoka kwa Wafaransa.

Penye majina mengi hutokea swali moja. Je, mkate ule ni mwili wa Kristo, au ni mfano wa mwili wake tu? Kila upande hudai ya kuwa Wakristo wa kwanza wako upande wake, na kila upande waweza kutoa ushahidi, maana waandishi wa zamani walisema yote mawili. Makala haya yakusudia kueleza walivyoamini Wakristo wa karne nne za kwanza, na kuonyesha ya kuwa kwao maneno hayo mawili, ni na mfano, hayakuwa yakigombana. Ugomvi ulikuja baadaye; na Kiswahili cha leo, kisipotumiwa kwa uangalifu, chaweza kuwabandika ugomvi huo watu ambao hawakuujua.

Sarufi ya neno "ni"

Habari ya zamani kuliko zote juu ya karamu ya mwisho ya Yesu ni ile ya Paulo katika waraka wa kwanza kwa Wakorintho, ulioandikwa yapata mwaka 54 au 55, yaani miaka ishirini na kitu tu baada ya kusulubiwa kwake. Marko, Mathayo na Luka waliandika baadaye. Katika habari zote nne Yesu atwaa mkate, abariki au ashukuru, aumega, na kuuita mwili wake. Neno la Kiyunani lililotumika hapo ni estin, nalo ni kiungo cha kawaida kabisa, kama ni ya Kiswahili. Ndilo litumikalo kusema kwamba mtu fulani ni mvuvi, au kwamba mbegu katika hadithi ni neno la Mungu. Katika Kiaramu, lugha ambayo Yesu aliisema nyumbani, sentensi ya namna hiyo haihitaji kiungo cho chote: hutajwa kitu, kisha hutajwa kiitwavyo, na maana imekamilika.

Kiswahili kina njia tatu. Msemaji aweza kuacha kiungo, aweza kutumia ni, au aweza kutumia ndi-. Watafsiri wa Biblia ya Union Version, iliyotolewa mwaka 1952, walichagua njia ya tatu, wakaandika ndio penye mwili na ndiyo penye damu. Sasa, ndi- husisitiza na kutenga. Asemaye "huyu ni mwalimu" aeleza kazi ya mtu; asemaye "huyu ndiye mwalimu" amtaja yule hasa anayetafutwa, wala si mwingine. Basi msomaji wa Kiswahili husikia katika aya hizo mkazo ambao Kiyunani hakikuutia katika kitenzi. Watafsiri hawakukosa, kwa kuwa katika Kiswahili kizuri sentensi inayofunua jambo zito huelekea kwa ndi- yenyewe. Lakini mkazo huo ni wa Kiswahili.

Kwa upande mwingine, Yesu huyo huyo ajiita mlango na mzabibu kwa kitenzi kile kile, wala hakuna aliyepata kudai kwamba aligeuka mbao au mti. Kwa hiyo asemaye kwamba imeandikwa "ni", basi yamekwisha, hajamaliza neno. Naye asemaye kwamba "ni" yaweza kuwa ya mfano, basi yamekwisha, naye hajamaliza. Sarufi huonyesha mlango tu. Aliyeingia ndani ni yule aliyelisikia neno hilo na kutenda kwa kulifuata. Na watu hao wa kwanza ndio wapasao kuulizwa.

Karne ya kwanza na ya pili

Paulo hakuandika kwa kufundisha elimu ya mkate. Aliandika kwa sababu kulikuwa na aibu Korintho. Wakristo walipokutanika, wenye mali walitangulia kula na kulewa, na maskini wakakaa na njaa. Paulo awaambia kwamba alaye namna hiyo ana hatia juu ya mwili na damu ya Bwana. Neno hilo lisingekuwa na nguvu kama mkate ungehesabiwa kuwa kitu cha kawaida. Mahali pengine katika waraka ule ule akiita kikombe koinonia, yaani ushirika, katika damu ya Kristo. Na kwa kuwa mkate ni mmoja, asema, walao wamekuwa mwili mmoja. Tangu mwanzo, basi, neno mwili lilielekea huku na huku: mwili wa Kristo uliotolewa, na mwili ulio jamii ya waaminio.

Paulo na Luka pia wataja ukumbusho. Katika Kiswahili cha siku hizi ukumbusho ni kufikiri juu ya jambo lililopita, au mnara uliojengwa kwa ajili ya marehemu. Lakini nyuma ya neno lile la Kiyunani limo neno la Kiebrania zikkaron, litumikalo juu ya Pasaka. Mafundisho ya Wayahudi juu ya Pasaka yataka kila mtu wa kila kizazi ajihesabu kuwa yeye mwenyewe alitoka Misri. Ukumbusho wa namna hiyo hauliachi jambo nyuma. Huwaingiza wakumbukao ndani yake. Kwa hiyo si haki kuliweka neno ukumbusho kinyume cha neno uwapo, kana kwamba likitajwa moja la pili limefukuzwa.

Kitabu kidogo kiitwacho Didake, yaani Mafundisho, ni cha mwisho wa karne ya kwanza au mwanzo wa karne ya pili. Hati yake ilionekana Konstantinopoli mwaka 1873, ikachapishwa mwaka 1883. Ndani yake mna sala za shukrani juu ya kikombe na juu ya mkate. Wataalamu wameshangaa kuona kwamba sala hizo hazitaji mwili wala damu. Zamshukuru Mungu kwa chakula na kinywaji cha kiroho, na kuomba kanisa likusanywe toka miisho ya dunia kama punje zilizotawanyika milimani zilivyokusanywa zikawa mkate mmoja. Hata hivyo kitabu hicho chakataza asiyebatizwa kula, na chataka wenye magomvi wapatane kwanza, ili dhabihu yao isitiwe unajisi. Yaonekana heshima ya meza ilikuwa kamili kabla ya maelezo kuwa kamili.

Maelezo yalianza kutafutwa pale imani ilipopingwa. Ignasi, askofu wa Antiokia, alipelekwa Roma kuuawa siku za Kaisari Trajano, na njiani aliandika barua kwa makanisa. Katika barua kwa watu wa Smirna awataja watu wasemao kwamba Kristo alionekana tu kuwa na mwili, wala hakuteswa kweli. Watu hao, asema, hujitenga na Ekaristi, kwa kuwa hawakiri kwamba ni mwili wa Yesu ulioteswa kwa ajili ya dhambi. Papo hapo awalaumu kwa jambo jingine: hawamjali mjane, wala yatima, wala mwenye njaa. Kwa Ignasi makosa hayo mawili ni kosa moja. Aliyeudharau mwili wa Kristo amedharau na miili ya watu. Katika barua kwa Waefeso auita mkate huo dawa ya kutokufa.

Watu wa nje walisikia uvumi wa mambo hayo wakayageuza. Wakristo walisingiziwa kuwa walikula watu, na mwaka 177 usingizio huo ulikuwa sehemu ya mateso yaliyowapata Wakristo wa Lyon. Plinio, liwali wa Kirumi katika Bithinia, alikuwa amekwisha kuchunguza jambo hilo yapata mwaka 112, akamwandikia Kaisari kwamba chakula cha Wakristo kilikuwa cha kawaida kisicho na dhara. Katika kujibu masingizio ya namna hiyo ingalikuwa rahisi sana kwa Mkristo kusema kwamba ni mfano tu. Yustino, aliyeandika utetezi wake Roma yapata mwaka 155 na kuupeleka kwa Kaisari, hakusema hivyo. Alieleza ibada yote waziwazi: masomo, sala, busu la amani, mkate, na kikombe cha divai na maji. Kisha akasema kwamba chakula hicho hakipokelewi kama mkate wa kawaida. Bali kama vile Yesu alivyofanyika mwili kwa Neno la Mungu, ndivyo chakula kilichoshukuriwa kilivyo mwili na damu yake.

Ireneo, askofu wa Lyon, yapata mwaka 180, alipambana na waalimu waliofundisha kuwa vitu vyote vya kuonekana ni vibaya, kazi ya mungu mdogo mwenye ujinga. Hoja yake ni ya mkulima. Ikiwa nafaka na mizabibu ni vibaya, Kristo angewezaje kuvitwaa na kuviita mwili na damu yake? Mkate ukiisha kuombewa, asema, si mkate wa kawaida tena, bali Ekaristi iliyo na mambo mawili, la duniani na la mbinguni. Na miili yetu, ikiisha kulishwa kwa hiyo, ina tumaini la kufufuka. Ireneo hasemi kwamba la duniani limetoweka. Hasemi pia kwamba la mbinguni ni wazo tu. Yote mawili yako.

Walimu wa Afrika na neno "mfano"

Msomaji wa Afrika Mashariki yafaa akumbuke kwamba sehemu kubwa ya fikira hizi zilitungwa katika Afrika, ingawa ni Afrika ya kaskazini. Tertuliano wa Karthago, mwanzoni mwa karne ya tatu, aeleza kwamba Bwana aliufanya mkate kuwa mwili wake, yaani figura ya mwili wake. Neno hilo la Kilatini hutafsiriwa mfano, na limetumiwa mara nyingi kama ushahidi kwamba Tertuliano hakuamini kuwapo kwa Kristo. Lakini afuatilizaye hoja yake ataona yaelekea kwingine. Tertuliano ambishia Marsioni, aliyesema Kristo hakuwa na mwili wa kweli. Amwambia hivi: kitu kisichokuwapo hakiwezi kuwa na figura, kivuli hakitupi kivuli. Figura kwake ni ushahidi wa ukweli wa mwili, si badala yake. Na mwandishi huyo huyo asema ya kuwa Wakristo huona uchungu cho chote cha mkate au kikombe kikidondoka chini.

Origene wa Aleksandria, aliyependa mno kufumbua maana zilizositirika, awakumbusha wasikilizaji wake jinsi wanavyoupokea mwili wa Bwana kwa tahadhari isidondoke hata chembe. Kisha awauliza kwa nini wanadhani ni kosa dogo kulidondosha neno la Mungu wanaposikiliza. Serapioni, askofu wa Thmuis katika Misri, karne ya nne, katika sala yake ya Ekaristi asema kwamba mkate uliotolewa ni mfanano wa mwili wa Mwana; na katika sala hiyo hiyo aomba Neno la Mungu lije juu ya mkate huo uwe mwili wa Neno. Sirili wa Yerusalemu, au mwandamizi wake, kwa kuwa wataalamu hawajapatana juu ya mwandishi, awafundisha waliobatizwa karibu kwamba chini ya tipo ya mkate wapewa mwili. Awafundisha pia wafanye mkono wa kushoto uwe kiti cha enzi cha mkono wa kulia utakaompokea mfalme. Ambrosi wa Milano afundisha kwa uwazi kwamba kabla ya maneno ya Kristo ni mkate, na baada yake ni mwili. Na sala anayoitaja katika mafundisho hayo hayo yatumia neno figura.

Augustino wa Hippo, aliyekufa mwaka 430, ndiye aliyeeleza kanuni yenyewe. Katika barua moja kwa askofu Bonifasi asema kwamba sakramenti zisingekuwa sakramenti kama hazina mfanano na vitu ambavyo ni sakramenti zake, na kwa ajili ya mfanano huo hupata hata majina ya vitu hivyo. Katika hotuba kwa waliobatizwa wapya aendelea mbele zaidi. Kama ninyi ni mwili wa Kristo, asema, basi fumbo lenu wenyewe limewekwa mezani, na mnapoitikia Amina mnaitikia jinsi mlivyo.

Si waalimu wote walioridhika na maneno ya mfano. Theodoro wa Mopsuestia alionya kwamba Kristo hakusema kuwa hii ni alama ya mwili wake. Basi tofauti za mkazo zilikuwapo. Lakini hata aliyesema mfano hakusema "mfano tu", na neno hilo dogo tu ndilo lenye kubeba ugomvi wote.

Kipimo cha Nyamongo

Ugumu wa msomaji wa leo ni kwamba katika Kiswahili cha kawaida mfano, alama na ishara huelekea kuwa vitu visivyo na nguvu ya wenyewe. Alama ya barabarani si barabara. Mfano wa nyumba hauzuii mvua. Basi aambiwapo kwamba mababa wa kanisa waliita mkate mfano, hukata shauri upesi kwamba hawakuamini. Lakini mambo ya watu hayaendi yote kwa kipimo cha alama ya barabarani, na Wakurya wanalo jambo liwezalo kusaidia ufahamu.

Katika desturi iitwayo nyumba ntobhu, mama asiye na mtoto wa kiume hutoa ng'ombe za mahari na kumwoa msichana, na watoto wazaliwao na msichana huyo huhesabiwa kuwa wa nyumba ya mama yule. Hurithi mifugo ya nyumba hiyo na ardhi yake, na hubeba jina lake. Desturi hii imekosolewa kwa mzigo inaowatwika wasichana, na ukosoaji huo una uzito wake. Hapa yatajwa kwa ajili ya lugha peke yake. Mtu akiuliza kama watoto wale ni watoto wa nyumba ile, jibu ni "ndio". Hakuna ajibuye kwamba ni watoto kwa mfano. Wala hakuna asiyejua kwamba kwa damu mama yule hakuwazaa. Tendo la mahari, lililofanywa mbele ya watu kwa kanuni inayokubaliwa, limeifanya sentensi iwe ya kweli, na ng'ombe zikigawanywa ukweli huo huonekana.

Haisemwi hapa kwamba Ekaristi ni jambo la namna hiyo. Wakristo wa kwanza hawakudhani kwamba mapatano ya watu yaliufanya mkate kuwa mwili. Walisema ni Neno la Mungu, au Roho, au maneno ya Kristo. Kinachoonyeshwa ni kwamba "ni" ya kweli haishi yote katika swali la kitu kimefanywa kwa nini. Mtu aweza kujua vema kilivyo kitu machoni na mkononi, na bado akasema bila unafiki kwamba ni kitu kingine, na kuishi na kufa kwa kufuata usemi huo.

Malcolm Ruel, mtaalamu wa Kiingereza wa elimu ya jamii aliyekaa na Wakurya kwa utafiti katika miaka ya 1950, aliandika mambo mawili yanayogusa hoja hii. Mwaka 1982 alionyesha jinsi neno kuamini lilivyobadilika katika historia ya Ukristo, toka kumtumainia mtu hadi kukubali orodha ya mambo yaliyotungwa. Mwaka 1990 alieleza kwamba mnyama anayechinjwa katika mila za Wakurya hatolewi kuwa zawadi kwa mungu fulani. Nguvu itafutwayo imo katika uhai wa mnyama mwenyewe. Basi Mkurya asikiapo kanisani neno dhabihu au sadaka, ambalo Didake yalitumia juu ya Ekaristi, hasikii lazima kile alichosikia Myahudi au Mrumi. Lakini asikiapo kwamba uhai wa mmoja umetolewa ili wengi wapone, haelezwi jambo geni. Mhubiri na mtafsiri yafaa walijue hilo.

"Ni" na "mfano" zilivyotengana

Kutengana kwa maneno hayo kwaweza kutajwa kwa miaka. Katika karne ya tisa, katika nyumba ya watawa ya Corbie, Ufaransa, Paschasius Radbertus aliandika kwamba mwili ulio altareni ni ule ule uliozaliwa na Mariamu. Mwenzake Ratramnus akajibu kwamba ni mwili wa Kristo katika fumbo, si kwa namna ya kuonekana. Katika karne ya kumi na moja Berengar wa Tours aliyashika maneno ya alama hata akaapishwa mara mbili kuyaacha, mwaka 1059 na mwaka 1079. Tangu hapo "kweli" na "mfano" zilisimama kama pande mbili za shauri. Mtaguso wa nne wa Laterano, mwaka 1215, ulitumia neno la kugeuka kwa asili ya mkate, na Wakatoliki wa Kiswahili wakaja kuliita tendo hilo mageuzo. Mwaka 1529 Luther na Zwingli walikutana Marburg wakapatana karibu katika yote, wakashindwa katika hili: Luther alishika "ni" bila kulegea, na Zwingli akasema "ni" hapo maana yake ni kuashiria.

Shauri hilo lilivuka bahari. Mwezi Juni 1913, baada ya mkutano wa misheni za Kiprotestanti huko Kikuyu, Kenya, Askofu Peel wa Mombasa aliongoza ibada ya Ushirika Mtakatifu katika kanisa la Wapresbiteri, na watu wa misheni mbalimbali wakapokea pamoja. Frank Weston, Askofu wa Zanzibar, aliwashtaki yeye na Askofu Willis wa Uganda mbele ya Askofu Mkuu wa Canterbury kwa uzushi na utengano. Hoja yake kubwa ilikuwa juu ya uaskofu na mipaka ya Kanisa, wala si juu ya mkate wenyewe. Walakini ugomvi ulitokea mezani, na hadi leo ndipo utokeapo: Wakristo wa Nyamongo huweza kula pamoja matangani ugali wa sufuria moja, na Jumapili wasiweze kula mkate mmoja.

Hata vitu vya mezani huleta maswali ya zamani. Sipriani, askofu wa Karthago aliyeuawa kwa ajili ya imani mwaka 258, aliandika barua ndefu kuwapinga waliotumia maji matupu badala ya divai. Yeye alitaka divai iliyochanganywa na maji, maana maji ni watu na divai ni damu ya Kristo, na vikichanganywa haviwezi kutenganishwa. Katika nchi ambayo chakula chake cha asili ni ugali wa ulezi, mtama au muhogo, mkate wa ngano na tunda la mzabibu hutoka mbali. Wakatoliki na Waanglikana hutumia divai. Waadventista hutumia maji ya zabibu yasiyochachuka, na hutangulia kutawadhana miguu. Kila mmoja ameshika ukumbusho wake kwa bidii, na bidii hiyo yenyewe ni ushahidi kwamba hakuna aichukuliaye meza ile kuwa kitu cha mchezo.

Mwili mezani na mwili wenye njaa

Yabaki jambo moja ambalo Wakristo wa kwanza walilisema kwa sauti moja zaidi kuliko yote, na ambalo magomvi ya baadaye yamelifunika. Paulo aliwahukumu Wakorintho kwa njaa ya maskini. Ignasi aliwapima wazushi kwa mjane na yatima. Yustino, baada ya kueleza mkate na kikombe, aeleza mara kwamba mashemasi huwapelekea wasioweza kuja, na kwamba wenye mali hutoa kwa hiari, na kilichokusanywa huwasaidia yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni. Kwake hiyo ni habari moja yenye sehemu mbili.

Yohane Krisostomo, akihubiri Antiokia karibu na mwisho wa karne ya nne, alilisema jambo hilo kwa neno la dhahabu. Kuna faida gani, aliuliza, meza ya Kristo kujaa vikombe vya dhahabu na Kristo mwenyewe kufa njaa? Aliyesema mkate ni mwili wake, asema, ndiye aliyesema kwamba alimwona mtu na njaa asimlishe, amemnyima yeye. Sentensi zote mbili zina msemaji mmoja. Karne kumi na tano baadaye, mwaka 1923, Weston yule yule wa Zanzibar aliwaambia Waanglikana waliokutanika London kwamba hawana haki ya kudai kumwabudu Yesu katika tabernakulo kama hawamhurumii Yesu katika vibanda vya maskini.

Hapo ndipo ilipo kanuni ya kufasiria mababa hao. Mwenye kuuliza kama waliamini kwamba Kristo yupo kweli atapata jibu la ndiyo. Mwenye kuuliza kama walitumia neno mfano atapata jibu la ndiyo pia. Lakini mwenye kuwauliza waliujuaje ukweli wa "ni" hiyo ataona kwamba hawakuutafuta katika mkate peke yake. Waliutafuta katika mkono uliopokea: ulivyochukua tahadhari chembe isidondoke, na ulivyofanya ulipokutana na mwenye njaa nje ya mlango. Katika nchi ambayo chini yake mna dhahabu na juu yake mna watu wasio na kitu, kipimo hicho cha zamani hakihitaji kutafsiriwa.